Hedifoni za Bei Mbaya: Mimi Naanza na Sponji

"Dada, hedifoni yangu inamwaga vitu vyeusi shingoni kama majani ya chai, na niliinunua laki nane. Nimepigwa?"

Huyo ni msomaji wa Buzuruga, hapa Mwanza, na hayuko peke yake. Nimeletewa lalamiko hilohilo kutoka Nyegezi, Sengerema mpaka Bukoba, kila mmoja akiamini kauziwa feki. Wengi hawajauziwa feki. Hedifoni ni halali, spika zake nzima, betri bado inakaa. Kilichokufa ni sponji, ile mito laini inayozunguka sikio, kitu ambacho hakuna muuzaji anayekitaja na hakuna boksi linalokisifia.

Kwa hiyo kama umekuja kutafuta Bluetooth ya toleo gani au programu yake ina vitufe vingapi, hayo yameandikwa kila mahali. Mimi nahariri sauti za kwaya na matangazo ya redio. Hedifoni inakaa kichwani tangu asubuhi mpaka shingo ichoke. Kwa hedifoni yoyote inayozidi laki tano nauliza kwanza: kinachogusa ngozi yangu ni kitu gani, kinachomoka, na cha kubadilishia nitakipata wapi?

Sponji nyingi, hata za hedifoni za milioni, zimevikwa ngozi ya bandia ya poliyurethani. Inapendeza dukani, laini, inang'aa. Adui yake ni unyevu. Maji yaliyo hewani na jasho la masikio yanaivunjavunja taratibu, na joto linaharakisha. Halafu weka mafuta ya mgando, losheni na mafuta ya nywele. Tabaka la juu linapata nyufa, nyufa zinakuwa magamba, na magamba ndiyo hayo unayoyapangusa shingoni. Sasa sisi tunakaa mji wa ziwani, vyumba vya bati, feni inasukuma hewa ya moto kutoka kona moja kwenda nyingine. Hedifoni iliyopimwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi huko Ulaya ikija Mabatini saa nane mchana ina maisha mengine kabisa.

Na msidhani hili ni suala la urembo. Hedifoni iliyofungwa mgongoni inapata besi yake kwa sababu sponji imeziba vizuri kuzunguka sikio. Ikibonyea au kupasuka, hewa inavuja na besi inaondoka nayo. Sikio nalo linasogea karibu na spika, sauti za juu zinaanza kuchoma, na herufi "s" kwenye wimbo inakuwa kero. Hapo mtu anasema spika imeungua, anaipeleka kwa fundi, fundi anaifungua bure. Uvujaji huohuo unakupata ukivaa juu ya hijabu nene, rasta kubwa au miwani ya fremu pana. Kwa hiyo akina dada tunaosuka, tukijaribu hedifoni tuijaribu na nywele tulizo nazo siku hiyo, tusizisukumie nyuma kwa adabu ili muuzaji aone inatukaa.

Haya, mpangilio wangu. Nina upendeleo na siufichi.

Ya kwanza: Beyerdynamic DT 1770 Pro

Kampuni hii ya Ujerumani ilianza mwaka 1924 mjini Berlin, leo iko Heilbronn, na ninaipenda kwa sababu moja ya kizee: inauza vipuri. Sponji, kitambaa cha upinde wa kichwani, waya, vyote unanunua kimoja kimoja. DT 1770 Pro, iliyotoka mwaka 2015, inakuja na jozi mbili za sponji ndani ya boksi: moja ya ngozi ya bandia na moja ya mahameli. Ile ya ngozi iweke kabatini. Vaa mahameli.

Mahameli haina cha kumenyeka. Jasho linapita, sikio linapumua. Ikichafuka unaizungusha ukingo wake kwenye kikombe, unaichomoa, unaifua kwa mkono na sabuni kidogo, unaianika kivulini na inakauka kabla hujamaliza kazi zako za jikoni. Ya kwangu nimeifua mpaka rangi ya kijivu imefifia upande wa kulia, ule ninaoulalia nikisikiliza, na bado inaziba. Kasoro yake: inakusanya vumbi na nywele, na haizibi besi kwa asilimia zote kama ngozi. Ukizihamisha sponji hizo mbili kwenye hedifoni ileile utasikia tofauti mara moja. Ngozi inaongeza uzito chini, mahameli inafungua sauti ya katikati, pale waimbaji walipo. Kwa kwaya nataka katikati.

Sauti yake ni ya kusema ukweli, na juu imeng'aa kuliko wengine wanavyopenda. Soprano asiyejua kukaa mbali na maikrofoni utamjua. Hedifoni yenyewe ni nzito, inakaribia gramu 400, lakini upinde unagawanya uzito vizuri na mbano wake ni wa wastani. La kukumbuka ni ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu: ya awali ina omu 250, simu peke yake inaisukuma kwa shida, utahitaji amplifaya ndogo (kifaa cha kuipa sauti nguvu) au kadi ya sauti. Toleo la pili, MKII la mwaka 2024, limeshushwa mpaka omu 30, kwa hiyo simu inaiweza. Usichanganye mawili hayo unapoagiza, maana ukiandika tu "DT 1770" wakala atakuletea iliyokuwa rahisi kwake.

Kama mfuko haufiki, DT 770 Pro ya kampuni hiyohiyo nayo inapatikana na mahameli, na bei chini ya nusu. Wahandisi wengi wa studio wanafia nayo. Sijui kwa nini watu wanaruka hii na kukimbilia vinavyong'aa.

Ya pili: Sennheiser HD 600

Iko sokoni tangu mwaka 1997, na sauti ya binadamu humo inatoka kama mtu amekaa mbele yako. Gramu 260 tu, sponji za mahameli, kila kipande kinachomoka kwa mikono bila bisibisi. Ikiwa mpya inabana, inakulegezea kadiri unavyoivaa. Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu iko wazi mgongoni. Unachosikiliza wewe anakisikia aliye pembeni, na bodaboda inayopita nje inaingia moja kwa moja. Kama unaishi Capri Point au una chumba cha ndani kilichotulia, inunue na umsahau kila ninayemsifia hapa. Mimi jirani yangu ana mashine ya kusaga. Nayo ina omu 300, kwa hiyo amplifaya ni lazima.

Zisizo na waya: Bose mbele, Sony nyuma yake kidogo

Hapa ndipo pesa za wengi zinapoenda, na hapa ndipo magamba meusi yanapotoka, kwa sababu karibu zote ni ngozi ya bandia. Kati ya ubaya huo nachagua Bose QuietComfort Ultra. Mbano wake ni mwepesi, kina cha kikombe kinatosha sikio lisigonge kitambaa cha ndani, na kwa safari ndefu hakuna iliyonistarehesha zaidi. Kuzima kelele kwake ndiko kulikoipa kampuni jina kwenye hedifoni. Mzee Amar Bose, mwanzilishi wake, alipata wazo hilo ndani ya ndege mwaka 1978, na mpaka leo kazi ambayo teknolojia hiyo inaifanya vizuri ni ileile ya mngurumo usiobadilika. Panda meli ya Bukoba usiku, injini inayeyuka. Panda basi la Dar, hivyohivyo. Ila kondakta anayepiga kelele, mtoto anayelia na spika ya dukani Makoroboi vitapita, na anayekuahidi ukimya kamili anakudanganya. Na tena: sponji ikivuja, kuzima kelele kunadhoofika pamoja na besi.

Sony WH-1000XM5 ya mwaka 2022 ni nyepesi, gramu 250, na sauti yake imejaa besi tangu kiwandani. Ukiirekebisha kwenye programu inakuwa na adabu. Lakini haikunjiki, kwa hiyo mkoba wake unakula begi zima. XM4 iliyoitangulia ilikuwa inakunjika, na XM6 ya mwaka 2025 imerudisha kukunjika, maana yake hata wao wamesikia kelele za watu. Sponji zake zinachomoka kwa kuvuta, jambo zuri, na za kubadilishia zimejaa mtandaoni. Nyingi za hizo za kubadilishia si za Sony, unene haufanani, na ukiweka nene kuliko ya asili sauti unayosikia si ile uliyoilipia.

Sennheiser Momentum 4 ina saa 60 za chaji. Kwa umeme wetu huu, heshima yake. Zaidi ya hapo haikunivutia.

AirPods Max, kwa sababu mtauliza

Kwa sponji pekee, Apple wamefanya jambo la maana: zimevikwa kitambaa cha kufumwa badala ya ngozi, na zimeshikwa kwa sumaku, unazitoa kwa vidole viwili. Nawapongeza. Kisha wakaweka vikombe vya alumini, ambavyo watumiaji wamevilalamikia kwa kukusanya matone ya maji ndani, hewa ya moto ya sikio inapokutana na chuma baridi. Kisha uzito: zaidi ya gramu 380, ambao Beyerdynamic nao wanaubeba, lakini Beyerdynamic hawaniambii niende nayo sokoni. Marekani ilizinduliwa kwa dola 549, hapa ni zaidi ya milioni moja na laki tatu kabla hata meli haijang'oa nanga, na sponji za kubadilishia Apple wanaziuza dola 69. Kwa pesa hiyo ya sponji unakula sato na familia nzima, unabakiwa na nauli.

Hii ndiyo inayoigwa kuliko zote. Feki za siku hizi zina sumaku, zina kitambaa, hata simu inaitambua na kuonyesha picha yake. Kitu ambacho kopi za plastiki haziwezi ni uzito. Jirani wa muuzaji wa simu huwa hakosi muuzaji wa mchele au dagaa mwenye mzani wa dijitali. Omba uiweke pale juu. Ikisoma gramu mia mbili na ushee, rudisha, shukuru, ondoka. Muuzaji akikukatalia mzani, umeshapata jibu.

Za elfu thelathini mpaka themanini mnazoniulizia: nunua yoyote unayoiona nzuri, itamenyeka, nunua nyingine.

Sasa wauzaji

Kuna mambo mawili yananichosha mjini hapa. La kwanza ni "ukifungua umenunua". Mtu anakuuzia kitu cha kuvaa kichwani kwa laki tisa na hataki kikae kichwani kabla hujalipa. Viatu vya mtumba Mlango Mmoja unavijaribu vyote viwili, unatembea navyo, unavirudisha. Hedifoni, hapana, nailoni ikitoka imeshuka bei. Duka moja la katikati ya mji niliambiwa niangalie video ya mtu mwingine amevaa.

Na nailoni hiyo haikulindi hata kidogo. Poliyurethani inazeeka ndani ya boksi ileile. Hedifoni iliyokaa stoo ya moto miaka minne ni "mpya" kwa maneno ya dukani tu; utaivaa miezi michache na itaanza kubanduka, ukirudi utaambiwa hukuitunza. Ukiruhusiwa kuishika, vuta sponji kidogo kando ya mshono, kule inapokunjika. Nyufa za kwanza zinaanzia hapo, nyembamba kama nywele. Gusa pia kama inanata. Ngozi ya bandia inayonata kidoleni imeshaanza safari.

La pili ni bei mbili, ya na risiti na bila risiti. Unaulizwa kabisa, kwa tabasamu: "Dada, unataka ya EFD au tukupunguzie?" Punguzo lenyewe mara nyingi halifiki hata ile asilimia 18 ya VAT, kwa hiyo yeye anabaki na kilichobaki na wewe huna karatasi. Halafu anakuahidi waranti ya mwaka mzima. Waranti ya nani, kwa ushahidi gani?

Ndiyo maana za juu mimi naagiza kupitia wakala, mzigo unafika Dar, unapanda basi, naufuata stendi. Si rahisi na si haraka, na kuna siku boksi linafika limekaliwa na gunia. Lakini oda ina maandishi. Ukiagiza hivyo, weka jozi ya pili ya sponji kwenye oda hiyohiyo, ikiwa na jina kamili la hedifoni yako. Wakala akikujibu kwamba sponji ni kitu kidogo, mtazitafuta baadaye, mwambie akutajie bei yake sasa hivi kabla hujatuma hela.