Traksuti ilinitanguliza: tathmini yangu ya kituo cha chanjo

Mimi ni mchua misuli wa timu ya mpira wa miguu ya kulipwa, kazi niliyoifanya kwa miaka 11. Mwaka 2021, chanjo za korona zilipokuwa zinaingia kwa kudonoadonoa, timu yetu ilichanjwa kabla ya zamu yake kwenye kituo kimoja cha umma. Jina la kituo silitaji, wala la timu. Naandika kuhusu huduma niliyoipata kwa sababu ilikuwa nzuri sana, na kwa sababu hatukustahili kupewa siku ile.

Basi letu liliingizwa kwa geti la nyuma saa 2 asubuhi. Tulikuwa watu 42: wachezaji 28, na sisi wa benchi la ufundi na ofisi 14. Ndani viti vimepangwa kwa nafasi, kadi zetu zimeshaandikwa majina, meza tatu ziko tayari, kila moja na muuguzi wake na kisanduku cha baridi pembeni. Kuanzia kushuka kwenye basi hadi sindano kuingia begani nilitumia dakika 9. Naangalia saa kwa mazoea ya kazi.

Aliyenichanja alikuwa mama wa makamo mwenye mkono mwepesi. Aliniuliza kama nina mzio wowote, kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama nimepata homa wiki ile. Akanionyesha kichupa, akavuta nusu mililita, akaligonga bomba kwa kucha mpaka povu likapanda. Kisha akaniambia, "Legeza bega, kaka. Wewe si ndiye unayewaambia wenzako walegeze?" Alikuwa ameshasoma maandishi mgongoni mwa traksuti yangu. Nikalegeza, na sikuhisi kitu.

Kipa wetu wa akiba, kijana anayejirusha miguuni mwa washambuliaji bila kufumba macho, alikuwa anatetemeka kwa kuogopa sindano. Muuguzi wa meza ya pili hakumcheka wala hakumharakisha. Alimwuliza habari za mtoto wake mchanga, na kijana alipogeuka kujibu, kazi ilikuwa imeisha. Baada ya hapo tulikaa dakika 15 za kuangaliwa, mmoja aliyewahi kuvimba kwa mzio wa dawa akawekwa dakika 30, na muuguzi akapita kwa kila mtu kumwuliza anajisikiaje. Nimeingia hospitali nyingi na majeruhi wa timu. Uangalifu wa namna ile nimeuona mara chache.

Kile chumba cha kusubiria kilikuwa na dirisha linalotazama mbele ya kituo, na hapo ndipo nilipoiona foleni. Benchi lilikuwa moja, limejaa wazee. Waliobaki walisimama ukutani, wengine wamekaa juu ya ndala zao. Karibu na dirisha alikuwepo mzee mwenye mkongojo, kadi yake ya kliniki ameifunga kwenye mfuko wa plastiki. Goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Goti la namna ile nalijua kwa kulitazama tu: mtu anahamishia uzito mguu wa pili kila baada ya nusu dakika, halafu anaurudisha kwa sababu na huo wa pili umechoka. Tangu niketi mpaka naitwa nitoke, foleni yao haikusogea hata hatua moja, maana meza zote tatu zilikuwa zinatuhudumia sisi.

Kisha likatokea jambo ambalo ndilo lililonifanya nikiheshimu kituo kile pamoja na yote. Kichupa cha AstraZeneca tulichochanjiwa kilikuwa cha dozi 10, na kikishafunguliwa kinatakiwa kiishe ndani ya saa 6. Watu 40 walimaliza vichupa vinne. Wakabaki wawili, kikafunguliwa cha tano, kikabaki na dozi 8. Ofisa wetu mmoja akachukua simu akitaka kuwaita wake wa viongozi. Yule mama wa makamo akafunga kisanduku chake kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini lakini tukaisikia wote: "Hizi nane wenyewe wako nje." Akatoka, akahesabu wanane wa mwanzo kwenye benchi, akawaingiza. Hakuna aliyethubutu kumpinga. Mzee wa goti hakuwamo, alikuwa nyuma yao kwa watu wachache.

Kwenye basi tukirudi, mjadala ulikuwa mkali, na hoja za wenzangu naziheshimu. Wanasema mchezaji anasafiri kila wiki, anagusana na watu, analala kambini, na familia yake inaishi kwa mguu wake. Kweli. Lakini mpira ulikuwa umeshaonyesha kwamba unaweza kuchezwa bila chanjo. Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ilirudi uwanjani tarehe 16 Mei 2020, majukwaa matupu, kwa kupima watu mara kwa mara. NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilimaliza msimu wake mwaka ule ule ndani ya eneo la Disney World kule Florida, kuanzia Julai hadi Oktoba, na hakuna mchezaji aliyekutwa na virusi baada ya kumaliza karantini ya kuingilia. Sisi wenyewe tulikuwa tunapimwa mara mbili kwa wiki. Muuguzi wa wodi hana kambi ya kujifungia. Yeye anaingia palepale ugonjwa ulipo, na mgonjwa anamkoholea usoni. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilielekeza chanjo ikiwa chache ianze kwa wahudumu wa afya, wazee na wenye maradhi ya kudumu. Mchezaji wetu mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka 34, na mapafu ya kukimbia dakika 90.

Hoja nyingine ni ya mfano: staa akichanjwa, mashabiki watamfuata. Hii siikatai moja kwa moja. Mwaka 1956 mwanamuziki Elvis Presley alichanjwa polio mbele ya kamera ili vijana wahamasike. Lakini michezo haikosi wazee wake. Mapema mwaka 2021 mkongwe wa mpira wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar, akiwa na miaka 73, alichanjwa mbele ya kamera, na mkongwe mwenzake Bill Russell, aliyekuwa anaelekea kutimiza 87, naye vilevile. Machi mwaka huohuo Pelé akachanjwa akiwa na miaka 80. Wote walifikiwa kwa umri wao. Ukitaka jezi ihamasishe watu, mvalishe mkongwe ambaye zamu yake imefika. Sisi tulituma picha ya winga wetu amekunja mkono wa jezi, na jioni nikakaa kusoma maoni ya mashabiki chini yake. Niliyoyasoma hayakuuliza kama chanjo ni salama. Yaliuliza ameipata wapi, na bibi zao wamesajiliwa tangu mwezi uliopita hawajaitwa. Picha iliyokusudiwa kuwavuta watu ikawafundisha kwamba foleni ina mlango wa nyuma.

Wala hatukuwa wa kwanza. Oktoba 2009, wakati wa mafua ya H1N1, watu wa jimbo la Alberta, Kanada, walisimama saa nyingi nje ya vituo mpaka chanjo ikapungua na vituo vikafungwa kwa muda. Katika siku hizohizo wachezaji wa timu ya hoki ya Calgary Flames na familia zao walichanjwa kwenye kliniki waliyoandaliwa peke yao. Ilipojulikana, watumishi wawili wa mamlaka ya afya ya jimbo walifukuzwa kazi. Hapo naumia kila nikikumbuka, kwa sababu wakubwa wa timu huomba na wakubwa wa afya hukubali, kisha anayebeba lawama ni mtumishi. Yule mama wa makamo angeweza kuwa mmoja wao.

Mashindano makubwa ya kimataifa yalinipa shida zaidi kuyaamua. Aprili 2021 Sinovac, kampuni ya chanjo ya China, iliahidi dozi 50,000 kwa shirikisho la soka la Amerika Kusini, na Mei Pfizer na BioNTech wakatangaza kuwapa chanjo washiriki wa Olimpiki ya Tokyo. Kwa Tokyo ninaelewa: maelfu ya watu wanatoka kila pembe ya dunia kuingia kwenye mji mmoja, na chanjo ile inamlinda pia mwenyeji ambaye hakuwaalika yeye mwenyewe. Nakubali hilo kwa mashindano, sio kwa ligi ya kila wikiendi. Hata hivyo dozi za msaada nazo hutoka kiwanda kilekile. Januari mwaka ule mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema nchi 49 zenye kipato kikubwa zilikuwa zimeshachanja dozi zaidi ya milioni 39, na nchi moja ya kipato cha chini kabisa ilikuwa imetoa 25. Ishirini na tano tu. Basi letu peke yake lilikuwa na watu 42.

Mama yangu mzazi alikuwa na miaka 71 wakati ule, mwenye sukari. Nilimpigia usiku kumweleza kwamba nimechanjwa. Alifurahi kweli, akaniuliza kama mkono unauma, akaniambia nilale upande wa pili. Halafu akauliza, "Na sisi foleni yetu imefika wapi, mwanangu?" Nilishindwa kumjibu. Alikuja kuitwa wiki tano baadaye, na wiki hizo tano sikulala vizuri.

Dozi ya pili niliambiwa ni baada ya wiki 12. Kufikia hapo zamu ya watu wa umri wangu ilikuwa imeshafunguliwa, kwa hiyo sikungoja mpango wa timu. Nilikwenda bila traksuti, nikapanga mstari kwa mlango wa mbele saa 1 asubuhi, nikachanjwa saa 5. Saa nne, na nazihesabu kuwa huduma nzuri: sasa kulikuwa na viti chini ya turubai, namba za karatasi, na kijana anayepita kutangaza dozi zilizobaki ili mtu asisimame bure. Wenye mikongojo waliitwa kwanza. Nikamkuta yule mama wa makamo mezani, akanikumbuka. Nikamwuliza siku ile ya basi letu ilikwishaje. Akaniambia dozi ziliisha kabla ya saa 6 mchana, wakawarudisha nyumbani watu 37.

Wauguzi wa kituo hiki nawapa nyota tano, na kama ningekuwa na ya sita ningempa yule aliyeweka kiganja juu ya kisanduku. Utaratibu wa siku ile naupa nyota moja. Wa foleni ya mbele, kama nilivyoukuta baada ya wiki 12, naupa nne. Ya tano naishikilia kwa sababu choo cha wanaosubiri kilikuwa mbali mno kwa mtu mwenye goti bovu. Na ninaomba uongozi wa kituo ubandike mlangoni orodha ya watu wa akiba, wazee na wagonjwa wanaoishi karibu, wa kupigiwa simu kichupa kinapobaki na dozi. Timu iwekwe mwisho kabisa wa orodha hiyo. Namba ya ofisi yetu wanayo.