Vitabu vya Firestar: ununue kipi kwanza, na kipi kisikupe haraka

Anayetaka kuanza kukusanya vitabu vya Firestar, shujaa wa Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni wa Marekani, huuliza swali lilelile: toleo alilotokea kwa mara ya kwanza ni lipi, na linauzwaje? Ukianzia hapo utamaliza hela kwenye kitabu ambacho yeye anapita tu kama mgeni wa harusi, kisha ukose ya kununulia kile kinachokuonyesha ni mtoto wa aina gani. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa ajili ya msomaji. Mwenye kununua ili auze baadaye atapata lake huko chini.

Kwa asiyemfahamu: jina lake ni Angelica Jones, msichana wa shule mwenye nywele nyekundu, mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu zisizo za kawaida. Mwili wake hutoa mawimbi ya maikrowevu, yaleyale yanayopasha chakula kwenye oveni. Anayeyusha chuma, na akiipasha hewa inayomzunguka, inamwinua akaruka. Wengi hawajui kwamba hakuanzia kwenye vitabu. Aliumbwa kwa ajili ya katuni ya televisheni iliyoanza kurushwa na NBC ya Marekani mwezi Septemba 1981, akiwa pamoja na Spider-Man na Iceman. Vipindi vilikuwa 24, vikaisha mwaka 1983. Marvel walimwingiza rasmi kwenye ulimwengu wa vitabu vyao baadaye.

1. Firestar (1986), matoleo manne

Hiki ndicho cha kwanza, na sibishani na mtu. Kiliandikwa na Tom DeFalco na kuchorwa na Mary Wilshire, na hadithi yote iko ndani ya matoleo manne, hakuna cha kukimbizana na toleo la mia na kitu ili ujue iliishaje.

Angelica anaishi na baba yake na bibi yake. Shuleni wenzake wanamwonea. Nguvu zinapoanza kumtoka, bibi ndiye anayezipokea bila kuogopa, na bibi huyo hakai sana, anafariki. Hapo anabaki binti mwenye joto asilolielewa na baba aliyejaa hofu. Ndipo anapokuja Emma Frost, mwanamke mrembo, mwenye mali na maneno laini, mkuu wa shule iitwayo Massachusetts Academy. Professor X, kiongozi wa kundi la mashujaa mutanti liitwalo X-Men, na watu wake nao walikuwa wamegundua kuna mutanti mpya, lakini wanafika wakiwa wamechelewa. Baba anamkabidhi mwanawe akiamini amempata wa kumlea. Kumbe Emma anatengeneza silaha: anamnoa binti ili siku moja amuue Selene, mpinzani wake ndani ya Hellfire Club, chama cha siri cha matajiri wenye uchu wa madaraka.

Uzuri wa kitabu uko kwenye upole wa Emma. Hampigi, hamfokei. Anamsifia, anamfariji, anamfanya aone kwamba duniani hana mwingine. Nimesoma vitabu vingi vya mashujaa ambamo adui hujulikana kwa kicheko chake. Huyu anajulikana kwa jinsi anavyomwita mtoto karibu. Msomaji unaona mapema kuliko Angelica, na unabaki unatamani kumwambia. Wilshire naye amemchora kama mtoto kweli, si mwanamke mzima aliyevalishwa sare ya shule. Anapokuja kujua ukweli na kuuelekeza moto wake kwa aliyemfundisha kuutumia, hasira ile umeishaibeba naye tangu toleo la kwanza.

Namna ya kununua. Ukipata mkusanyo uitwao *X-Men Origins: Firestar*, uliotoka 2017, chukua. Una matoleo yote manne pamoja na *Uncanny X-Men* namba 193, lile wanalolitafuta wakusanyaji, kwa hiyo utalisoma bila kulilipia bei ya wakusanyaji. Upo pia mkusanyo wa zamani zaidi, wa 2006, wenye umbo dogo. Hadithi ni ileile, ila maandishi yamebanwa. Kama unavaa miwani, fikiria mara mbili.

Ukitaka matoleo yenyewe ya 1986 ya mtumba, tafuta seti ya manne kutoka kwa muuzaji mmoja. Ukinunua mojamoja, gharama ya kusafirisha itakuzidi bei ya kitabu. Bei iliyochapwa kwenye jalada ilikuwa senti 75 za dola. Pembeni mwa jalada utaona kisanduku: kikiwa na msimbopau, nakala iliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, kikiwa na sura ya Spider-Man, iliuzwa kwenye maduka ya vitabu vya katuni. Wapo wanaoilipia zaidi ile ya msimbopau. Kwa msomaji hakuna tofauti hata ya nukta.

Kinacholeta tofauti ni pini. Vitabu hivi vimeshikwa katikati kwa pini mbili za stepla, na pini zikishika kutu, kutu hula karatasi. Mimi niliagiza seti yangu nikaangalia picha ya jalada tu, likiwa linang'aa. Nilipofungua toleo la 3, karatasi ya katikati ilibaki mkononi mwangu, ina vitobo viwili vya rangi ya udongo mahali pini zilipokuwa. Tangu siku hiyo siagizi kabla ya kuona picha tatu: mgongo wa kitabu, pini zikiwa karibu, na kurasa za katikati zikiwa zimefunuliwa. Muuzaji akisita kupiga picha, mwache aendelee na wateja wengine.

2. New Warriors (kuanzia 1990)

Baada ya kumwona akiwa peke yake, mwone akiwa na wenzake. Kundi hili la vijana lilichungulia kwanza kwenye kitabu cha Thor mwishoni mwa 1989, kisha likapewa mfululizo wake mwaka 1990, ukiandikwa na Fabian Nicieza na kuchorwa na Mark Bagley. Wako sita: Night Thrasher, Nova, Namorita, Speedball, Marvel Boy na Firestar.

Nimekiweka cha pili kwa sababu hapa ndipo anapopata marafiki wa kweli, na mchumba. Huyo ni Vance Astrovik, ndiye Marvel Boy, kijana anayepigwa na baba yake nyumbani. Baadaye Vance anamuua baba huyo kwa nguvu zake, anafikishwa mahakamani na kufungwa. Mfululizo haukimbii jambo hilo. Unakaa nalo matoleo kadhaa, na Angelica analibeba pamoja naye. Kwa kitabu cha vijana cha wakati ule, ni uzito mkubwa. Mnunulie mtoto wa miaka kumi na tatu, lakini kisome nawe.

Tafuta *New Warriors Classic*, juzuu ya kwanza, yenye yale matoleo mawili ya Thor na sita ya mwanzo ya mfululizo. Ukiipenda endelea na zinazofuata. Upo pia mkusanyo mmoja mnene wenye jalada gumu. Usianze nao: ni mzito hasa, na kutumiwa mzigo wa namna hiyo kutoka Marekani mpaka Dar au Mombasa kunaweza kuukaribia ununuzi wenyewe kwa gharama.

3. Marvel Divas (2009)

Usihukumu kwa jina wala kwa jalada. Jalada la toleo la kwanza lililalamikiwa sana, na kwa haki, kwa sababu linauza kitu kisichomo ndani. Ndani, katika hadithi ya Roberto Aguirre-Sacasa na michoro ya Tonci Zonjic, Angelica ameshakuwa mtu mzima na anagunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Marafiki zake watatu, Hellcat, Black Cat na Photon, wanamzunguka. Matoleo ni manne tu. Anayetafuta Firestar kijana hatampata hapa, lakini aliyesoma vitabu viwili vya juu ataguswa zaidi kuliko anavyotarajia. Tangu ujanani alikuwa akiogopa nguvu zake zinaweza kumdhuru mwenyewe.

4. Avengers ya 1998

Kurt Busiek na George Pérez. Angelica na Vance wanaingia kwenye Avengers, kundi la mashujaa wakubwa wa Marvel, katika toleo la 4. Vance ana furaha kama aliyefika peponi. Angelica anasitasita, na kusitasita kwake ndiko kunakonivutia. Michoro ya Pérez inalipa hela yako hata usipomjali Firestar kabisa. Ila yeye ni mmoja kati ya wengi, usitegemee mengi.

5. X-Men ya Gerry Duggan

Mwaka 2022 wasomaji walipiga kura kuchagua mutanti mmoja wa kuingia kwenye X-Men, na wakamchagua Firestar. Kwa sisi tuliompenda muda wote ilikuwa furaha kubwa. Lakini mgeni atapotea, maana hadithi inakudai ujue mambo mengi ya miaka ya karibuni. Hii isome kwa kujiunga na Marvel Unlimited, maktaba ya Marvel ya mtandaoni, kwa mwezi mmoja kwenye simu au tableti. Humo utaweza kuonja mengi ya Marvel ya zamani kabla ya kuagiza karatasi.

6. "Toleo la kwanza"

Sasa lile swali. Wakusanyaji wamegawanyika. Mwezi Desemba 1981 Marvel walitoa kitabu kimoja kilichofuata ile katuni ya televisheni, na humo ndimo alimoonekana kwanza kwenye karatasi. Lakini hadithi ile haihesabiwi kuwa sehemu ya maisha yake rasmi, ndiyo maana wengine husema la kwanza ni *Uncanny X-Men* namba 193, la Mei 1985, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na John Romita Jr. Hilo ni toleo nene, la James Proudstar anayetaka kulipiza kifo cha kaka yake, na Angelica yumo kama mmoja wa wanafunzi wa Emma wanaomsaidia.

Ukiamua kununua, jua ni lipi unaliita la kwanza, usije ukauziwa moja kwa bei ya jingine. Nakala iliyofungiwa kwenye boksi la plastiki lenye alama ya ubora huwezi kuisoma bila kulivunja. Nakala isiyofungwa, inunulie mfuko wa plastiki safi na kadibodi isiyo na asidi, badilisha kila baada ya miaka michache, na usiiweke kabatini ukutani upande wa bahari. Unyevu wa pwani hauhitaji hata misimu miwili kuzifikia zile pini.