Fizi zinaonekana sana ukicheka: sindano au kisu?

Kabla hujalipia chochote simama mbele ya kioo ucheke kicheko chako cha kweli, sio kile cha picha. Fizi za juu zikionekana milimita 2 au 3 ni kawaida kabisa, zikizidi 4 ndo watu wengi huanza kusumbuka. Sasa angalia meno yenyewe. Jino la mbele la mtu mzima huwa na urefu wa milimita 10 hivi, kama lako linaonekana fupi la mraba na halijasagika, huenda fizi imelifunika. Meno yakiwa na urefu wake ila mdomo wa juu unapanda mno, hapo ni misuli, na kama meno na fizi vinatokeza hata ukiwa umetulia tu basi huenda taya la juu ndo limeshuka. Kuna watu wanayo mawili kwa pamoja.

Namba moja kwangu ni kukata fizi, kwa wale ambao meno yamefunikwa. Ganzi ya kawaida, unarudi nyumbani siku hiyohiyo, na ikifanywa vizuri inadumu. Ila muulize daktari mfupa uko wapi, maana kutoka ukingo wa fizi mpaka kwenye mfupa mwili unataka nafasi ya kama milimita 3, na wakikukatia fizi peke yake kwa leza wakati mfupa uko karibu, fizi itaota tena na hela imeenda. Daktari makini anapima kwanza, na ikibidi anafungua fizi, anachonga mfupa kidogo alafu anashona. Kama hajapima mimi nakwambia ondoka.

Namba mbili ni Botox, dawa ya kulegeza misuli, kwa wenye mdomo unaopanda. Ni sindano ndogo pembeni ya pua, dakika chache tu, unaona mabadiliko ndani ya wiki mbili na baada ya miezi 3 au 4 hivi inaisha, unarudia. Uzuri wake ni kwamba usipoipenda itaondoka yenyewe, kwaio ni njia nzuri ya kuonja kabla ya kisu. Ubaya, dozi ikizidi au ikikaa vibaya tabasamu linaenda upande na hata kunywa kwa mrija kunakuwa kazi, na hapo ni kusubiri tu. Mjamzito, anayenyonyesha au mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli aachane nayo.

Tatu ni kushusha mdomo, yaani wanatoa ukanda wa ngozi laini ndani ya mdomo wa juu wanashona ili usipande sana. Kwa baadhi ya watu mdomo unarudi kulegea taratibu, ndo maana nimeiweka chini ya sindano.

Mwisho ni operesheni ya taya. Nusu kaputi, mara nyingi waya za meno kwanza kwa miezi mingi, uvimbe wa wiki kadhaa na ganzi ya midomo inayoweza kukaa muda mrefu. Lakini kama taya ndo chanzo, Botox na leza vitaficha kidogo tu.

Na kama unatumia dawa kama phenytoin (ya kifafa), amlodipine (ya presha) au cyclosporine (ya kupunguza kinga ya mwili) mwambie daktari wa meno mapema, zinaweza kuvimbisha fizi, ila usiziache mwenyewe bila aliyekuandikia.