Waanishinaabe kwa watoto: tuanze na mpunga au na mikataba?

Ukitaka kumweleza mtoto habari za Waanishinaabe, yaani Waojibwe, Waodawa, Wapotawatomi na jamaa zao wa eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, njia ni mbili.

Ya kwanza ni mavuno ya manoomin, mpunga wa mwitu unaoota majini. Kuanzia mwishoni mwa Agosti, watu wawili huingia kwenye mtumbwi. Mmoja anasukuma kwa upondo, mwenzake anainamisha mabua kwa kijiti kimoja na kuyagonga taratibu kwa kingine, punje zidondoke ndani. Zinazoangukia ziwani ndiyo mbegu ya baadaye. Kisha zilizo mtumbwini hukaangwa, hukanyagwa kwa viatu laini vya ngozi, hupepetwa. Mtoto anaweza kuigiza yote hayo sebuleni! Ila asipoelezwa, atadhani ni watu wa kale waliokwisha.

Njia ya pili, mikataba yao na Marekani, inaziba pengo hilo. Ule wa 1837 uliwahifadhia Waojibwe haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga kwenye ardhi waliyoitoa kwa Marekani, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba haki hiyo ingalipo. Kwa wa darasa la pili, hata hivyo, ni mada kavu.

Mimi ningeanza na mtumbwi, mkataba uje mtoto akiuliza ziwa ni la nani. Hadithi za Nanabozho, shujaa mjanja wa ngano zao, zisubiri: kimila husimuliwa majira ya baridi tu.