Kabla hujaiflashi kontrol boksi: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Mteja akiniletea gari akasema, "Fundi, iflashi hii itoe moto," yaani niandike upya mpangilio wa kontrol boksi, kompyuta ya enjini, sifungui laptopu. Nafungua boneti. Kama ndani imelala 1NZ-FE, enjini ya IST, Raum, Probox na Vitz nyingi tulizojaza Unguja nzima, namwambia arudishe pesa mfukoni. Enjini isiyo na turbo, feni ya kuisukumia hewa zaidi, inavuta hewa ile ile tunayoivuta sisi. Ukiichezea kompyuta yake mpaka asubuhi utaambulia asilimia chache za nguvu, na ukitoka Mwanakwerekwe kwenda Tunguu na abiria wanne hutozihisi. Plagi mpya, filta safi na tairi zenye upepo wa kutosha zitakufaa zaidi.

Nishamuona na mtu aliyeipeleka Land Cruiser ya 1HZ kuflashiwa. Pampu ya dizeli ya 1HZ ni ya makanika mtupu, haina kompyuta inayopanga mafuta. Sijui angeflashiwa nini, labda redio.

Kwa hiyo mwongozo huu unawahusu wenye turbo: Forester na Impreza za EJ20, na dizeli za kompyuta kama 1KD-FTV iliyomo kwenye Prado, Hilux na baadhi ya Hiace. Humo kompyuta ndiyo inayoamua turbo isukume kiasi gani, nozeli zimwage kiasi gani na, kwenye petroli, cheche ipigwe wakati gani. Ukibadilisha maamuzi hayo, gari inabadilika kweli.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni hili. Subaru za turbo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangiwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo pampu za kule huuzwa kwa oktani 100. Sisi tunatia iliyopo. Intakula ya Forester, kipoza hewa ya turbo, nayo imekaa juu ya enjini, kwa hiyo ukikwama kwenye foleni ya Darajani saa saba mchana inaoka pamoja na enjini. Gari inakuja na mpango wa cheche wa Tokyo, inaendeshwa kwa petroli na joto la Zanzibar, inagonga, yaani petroli inajilipukia ovyo ndani ya silinda. Kompyuta inasikia kugonga huko kupitia sensa yake na kurudisha cheche nyuma, nguvu inapungua, mwenyewe anadhani turbo imekufa. Kwa gari hiyo, kutyuni kwa kwanza ni kuipunguzia.

Nafasi ya kwanza: kipimo, kabla ya kitu chochote

Nunua adapta ya ELM327, kidude cha kuchomeka kwenye gari kinachotuma habari za enjini kwenye simu, na uweke programu ya Torque au Car Scanner kwenye simu. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote humu na ndicho ninachokiweka juu. Hakibadilishi kitu, kinaonyesha tu, na ndiyo maana nakipenda.

Sokoni nyingi ni za kuiga. Ukiona imeandikwa toleo 1.5, jua kampuni ya Kanada iliyobuni chipu hiyo haikuwahi kutoa toleo la namba hiyo. Haina maana haifanyi kazi, zipo zinazosoma vizuri tu, lakini usinunue bila kujaribu. Mwambie muuzaji uichomeke kwenye gari yako hapo hapo dukani. Tundu lake, la OBD, lenye pini 16, liko chini ya dashibodi upande wa dereva. Gari nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 zina tundu la umbo hilo hilo lakini zinazungumza lugha yao wenyewe, na adapta itazunguka ikitafuta mpaka uchoke.

Ikishaungana, usihangaike na mishale ya mwendo. Angalia masahihisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Yakiwa karibu na sifuri, tuseme ndani ya asilimia 5 juu au chini, enjini ina afya. Yakipita 10, kuna ugonjwa, na ugonjwa hautibiwi kwa faili, yaani mpangilio mpya wa kontrol boksi.

Shemeji yangu mmoja alikuja na Forester turbo, keshapata mtu wa kumuuzia "stage two", faili la kuongeza nguvu, na pesa keshaihesabu. Nilichomeka adapta, enjini ikinguruma tu uwanjani, masahihisho ya muda mrefu yakasoma jumlisha 14. Maana yake kompyuta inaongeza mafuta kufidia hewa isiyoijua. Nikapitisha mkono kwenye bomba la mpira linalotoka sensa ya hewa kuelekea turbo, nikalikunja kidogo. Kwenye mkunjo wa chini pakafunguka mdomo wa urefu wa kidole. Hewa ilikuwa inaingilia hapo, baada ya sensa, haihesabiwi. Soketi ya sensa yenyewe ilikuwa na ukijani kwenye pini, chumvi yetu hii ya baharini. Tulibadilisha bomba, tukasafisha soketi. Alipotoka kuijaribu alirudi akiuliza nimeitia faili gani.

Nafasi ya pili: Openport na programu za bure (wenye Subaru)

Kama gari ni nzima na bado unataka kuichezea mwenyewe, hakuna njia inayoishinda hii. Unanunua kebo ya Openport 2.0 ya Tactrix na kushusha programu mbili zisizo na malipo: EcuFlash, inayosoma na kuandika kumbukumbu ya kontrol boksi, na RomRaider, inayofungua majedwali yaliyomo ndani na kurekodi gari ikitembea. EcuFlash inafanya kazi pia na Mitsubishi Evolution, ila hizo hapa kwetu za kuhesabu.

Kabla ya kulipa, soma namba ya utambulisho ya kontrol boksi yako na uhakikishe RomRaider inaitambua. Gari za soko la Japani zina matoleo mengi, na baadhi hayajachorewa ramani. Bila ramani hiyo unaona namba tupu.

Kwenye Subaru za miaka ya mwanzo ya 2000 kuna vichomeo viwili vya kijani chini ya dashibodi ambavyo lazima viunganishwe kabla ya kuandika. Ukifungua switi, feni zinawaka na kuzima, pampu ya mafuta inalia na kunyamaza, taa ya cheki enjini inapepesa. Mara ya kwanza nilidhani nimeshaiua gari. Ndivyo inavyotakiwa.

Sasa umeme. Wakati wa kuandika, betri ya gari isishuke. Ifungie chaja ya maana, na laptopu iwe imejaa chaji, isitegemee soketi ya ukutani peke yake, kwani umeme wetu mnaujua. Zima feni, redio na kiyoyozi. Simu weka mbali, usije ukapokea ukaivuta kebo.

Cha kurekodi ni hiki: namba ya cheche inayorudishwa kwa ajili ya kugonga, na namba ambayo watu wa Subaru wanaiita IAM, kipimo cha imani ya kompyuta kwa petroli uliyotia. Kwenye kontrol boksi za zamani imani kamili ni 16, za baadaye ni 1. Tulirekodi Forester moja alfajiri, barabara tupu, gia ya tatu, pedali ya mafuta mpaka chini: cheche ikarudi digrii 2.8 na IAM ikakaa chini ya kamili. Gari hiyo ilikuwa na faili la kiwandani, hakuna aliyewahi kuigusa. Tulipunguza cheche kwenye sehemu ya mzigo mkubwa na turbo kidogo, IAM ikapanda ikatulia, na gari ikavuta vizuri kuliko ilivyokuja. Kwa kuipunguzia.

Usiguse jedwali la mafuta bila sensa ya hewa na mafuta ya masafa mapana. Zilizo nyingi zinatumia Bosch LSU 4.9, nayo ina bei yake. Sensa ya kiwandani inaaminika karibu na uwiano wa hewa kwa mafuta wa 14.7 kwa 1, lakini turbo ikisukuma kwa nguvu unataka ushuke kwenye 11 na kitu, na huko ya kiwandani inakudanganya. Kama huna pesa ya sensa, huna pesa ya kutyuni bado.

Ya tatu: fundi mwenye kifaa chake

Kwa dizeli ya 1KD hii ndiyo njia. Vifaa kama KESS3 ya Alientech vinasoma kupitia tundu la OBD au kontrol boksi ikiwa imefunguliwa juu ya meza, na faili hupangwa kwenye programu kama WinOLS. Mtu wa kawaida havinunui, analipia kazi. Vingi vya hapa ni vya "mtumwa", yaani fundi anasoma, anatuma faili kwa bwana wake ng'ambo, anarudishiwa lililopangwa. Si kosa, ila muulize nani anapanga, na kama amewahi kulipanga faili la enjini yako.

Muulize pia kama kifaa ni halisi. Hiace ya jamaa yangu iliandikwa kwa kifaa cha kuiga, kikakata katikati. Gari haikuwaka tena. Ikatafutwa kontrol boksi nyingine Dar, ikavuka na boti, halafu ikagoma kwa sababu haiutambui ufunguo. Wiki tatu daladala imelala, na aliyeiua akawa hapokei simu.

Na nozeli zipimwe kwanza. 1KD yenye nozeli zilizochoka ukiiongezea dizeli unaipeleka kupasua pistoni. Wanaotaka kuzimiwa EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye enjini, ili "gari ipumue", mimi siwafanyii. Moshi huo tunauvuta sote Michenzani.

Wenye Subaru wasiotaka kuumiza kichwa na wenye Toyota 86 wana EcuTek, programu ya kulipia ya kutyuni. Ni nzuri na imetulia, lakini leseni inafungwa na kontrol boksi moja. Ukiuza gari, umeiuza nayo.

Zinazofuata, kwa haraka

Kompyuta mpya kabisa, kama Haltech, Link au Speeduino inayojengwa juu ya Arduino Mega, kibao kidogo cha kompyuta, ni ya aliyebadilisha enjini nzima. Nani hapa? Labda vijana wawili watatu wenye Mark II za 1JZ. Haltech au Link inaweza kupita thamani ya gari. Speeduino ni rahisi kwa bei, lakini utaunga nyaya kwa mkono wako, na kwa chumvi hii soketi isiyozibwa vizuri haifiki masika ya pili.

Boksi za kupachika kati ya sensa na kompyuta zinadanganya sensa ili kompyuta imwage zaidi. Zilikuwa na maana wakati kontrol boksi hazifunguki. Leo siishauri, kwani kompyuta inajifunza na kuusahihisha uongo taratibu.

Wengine wananiomba niondoe kizuizi cha mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi. Mwanangu, unakwenda wapi?

Ya mwisho kabisa

Ile plagi ndogo ya rangi, inayochomekwa kwenye tundu la OBD, eti inaisoma tabia yako kwa kilomita mia kadhaa halafu inapunguza mafuta. Nilinunua moja nikaifungua kwa bisibisi. Ndani: chipu moja ndogo, kitufe, taa tatu, na hakuna kabisa sehemu inayoongea na mtandao wa gari. Pini zinazofanya kazi ni za moto na za hasi, za kuwashia taa. Mpwa wangu kaifunga kwenye baiskeli yake na betri kuukuu ya pikipiki, anapita nayo usiku uwanjani Amani, inamemetuka.