Riwaya ya upelelezi: uiuze kwa vipande WhatsApp au uichape kitabu?

Kwa gharama, WhatsApp inashinda waziwazi: bando na namba ya kupokelea pesa kwa simu vinatosha. Kitabu kinadai mhariri, msanifu wa jalada, ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) na fedha za mchapaji kabla hujauza hata nakala moja.

Ila vipande vina wezi. Mmoja akilipia, kesho sehemu ya kumi iko kwenye makundi matano bila jina lako, na hilo linaniuma sana. Kitabu nacho huibwa, lakini kwa jasho zaidi.

Vipande vinakufundisha taharuki: wasomaji wakichoka, unajua siku hiyohiyo. Lakini ukiugua wiki nzima, wanakudai. Mswada wa kitabu unakusubiri.

Huna mtaji wala wasomaji? Anza na vipande. Una mswada uliokamilika na akiba kidogo? Chapa, hata nakala chache.