Kozi ya mtoa dawa au stashahada ya famasia?

Kwa kijana wa Ujiji, kozi ya mtoa dawa ina haraka yake: ada nafuu, na maduka ya dawa muhimu (mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003) hayakosi nafasi ya mhudumu. Ila dawa za maduka hayo zina orodha, si kila dawa unauza. Mseto wa malaria, sawa, amoksilini, sawa. Mgonjwa akileta karatasi ya daktari ya insulini, unamwelekeza famasi.

Stashahada inakula miaka 3, kisha kuna usajili wa Baraza la Famasia. Inauma mfukoni, hasa kwa mzazi anayeuza dagaa. Lakini nafasi ya fundi dawa sanifu hospitalini, tuseme Maweni ya Kigoma, huigusi bila hivyo viwili. Mwenye miaka 20 asome stashahada. Mwenye duka lake tayari, kozi inamtosha.